Kiapo cha Muuguzi na Kimya cha Daktari

Kila ifikapo tarehe 12 Mei wauguzi wa nchi nyingi huadhimisha siku yao. Kwetu Unguja nao huvaa sare nyeupe, huwasha mishumaa, husimama wima na kula kiapo kwa sauti moja. Kwa miaka mingi nilizisikia habari hizo redioni nami nikaziacha zipite kama zipitavyo taarifa za hali ya hewa. Mwaka 2019 nilihudhuria mwenyewe. Mjukuu wangu, aliyekuwa akisomea uuguzi, aliniomba nije nimtazame, na babu haombwi mara mbili. Nilitoka Nungwi alfajiri kwa gari ya abiria, nikafika mjini kabla ya wageni rasmi, nikakaa safu ya pili.

Mishumaa ilipowashwa nilifanya lile nililolizoea darasani kwa zaidi ya miaka thelathini: nilisikiliza maneno. Aliyesomea ualimu Nkrumah, Beit-el-Ras, akasomesha lugha umri wake wote, hawezi kusikia maneno yanakaririwa asijiulize ni ya nani, yanasema nini, na yameacha nini. Kiapo kilipokwisha watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Haikuwa kiburi. Mbele yangu, miongoni mwa wauguzi wakongwe, nilikuwa nimemwona mtu ambaye alikuwa ananidai. Deni hilo nitalieleza hapo mbele. Kwanza napenda msomaji tukitazame kiapo chenyewe, kwa sababu naona kina kasoro inayowagusa wagonjwa, wauguzi na madaktari kwa pamoja.

Wengi hudhani kiapo kile kiliandikwa na Florence Nightingale. Sivyo. Bibi huyo alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, na sifa zake zilienea wakati wa Vita vya Crimea, alipokwenda Scutari, Uturuki, Novemba 1854, pamoja na wanawake 38 kuwauguza askari wa Kiingereza. Mwaka 1860 ilifunguliwa skuli ya wauguzi kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas', London. Kiapo kilitungwa baadaye sana, mwaka 1893, huko Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, mkuu wa skuli ya wauguzi ya mji huo. Walikipa jina la Nightingale kwa kumuenzi. Mwenyewe alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1910.

Ukikisoma kiapo hicho cha 1893 utaona ni maneno mazuri. Muuguzi anaahidi mbele ya Mungu na mbele ya hadhara kuishi maisha safi na kuifanya kazi yake kwa uaminifu. Anaahidi kujiepusha na kila lenye madhara na kutompa mtu dawa ya kumdhuru. Anaahidi kuiinua hadhi ya kazi yake na kuficha siri za wagonjwa. Anaahidi kumsaidia daktari kwa utiifu. Anaahidi kujitolea kwa wale waliowekwa mikononi mwake. Hakuna hata moja la kulitoa kosa kwa upande wa nia. Lakini ni mizani yenye kitanga kimoja. Muuguzi anatoa, anatoa, anatoa. Hakuna aliyesimama upande wa pili kumwahidi neno lolote, hata huyo daktari aliyetajwa kwa jina la kazi yake.

Nikasema moyoni, labda ahadi hiyo imo katika kiapo cha madaktari. Nikamwomba mjukuu wangu anitafutie. Akaniletea tamko lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani huko Geneva mwaka 1948, ambalo madaktari wa nchi nyingi hulitumia kama kiapo chao. Humo daktari aliahidi kuwaheshimu na kuwashukuru walimu wake, na aliwahesabu madaktari wenzake kuwa ndugu zake. Muuguzi hakutajwa. Mwaka 2017 tamko hilo lilifanyiwa marekebisho: heshima ikaelekezwa kwa walimu, wenzake na wanafunzi wake, na daktari akaahidi pia kuiangalia afya yake mwenyewe. Nakubali kwamba neno hilo la wenzake laweza kusomwa kwa upana hata likawaingiza wauguzi. Lakini mwalimu wa lugha hujua tofauti kati ya mtu aliyetajwa na mtu anayeweza kuingizwa akitakiwa. Muuguzi amemtaja daktari. Daktari amempita muuguzi kama mtu apitaye penye mlango uliofungwa.

Haya si mabishano ya maneno matupu, wala si mchezo wa mzee asiye na kazi. Nimeyaona matunda yake kwa macho yangu, nami nilikuwa mmoja wa waliopanda mbegu.

Mwaka 2003 kaka yangu mkubwa, fundi wa majahazi hapa Nungwi, alilazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alikuwa na ngiri iliyomsumbua siku nyingi, na ilikuwa apasuliwe asubuhi ya pili yake. Nilifika usiku, saa za kuangalia wagonjwa zimekwisha, nimebeba chupa ya uji wa mtama aliopika wifi yangu. Muuguzi wa zamu alikuwa msichana bado, labda miaka miwili kazini, peke yake na wagonjwa wengi. Akaniambia kwa adabu: "Maalim, saa za wageni zimekwisha, na mgonjwa wetu leo usiku hali kitu mpaka apasuliwe."

Nilikuwa nimechoka na safari, na nilikuwa na hofu. Nakiri leo kwamba ilikuwa hofu. Wakati ule niliiita haki. Nikapandisha sauti. Nikamwuliza kama ananijua mimi ni nani. Nikamwambia kwamba nimewasomesha watu waliomsomesha yeye, na kwamba watoto wa siku hizi wakivishwa nguo nyeupe huwasahau wazee wao. Nikaongeza neno moja juu ya malezi yake ambalo sitaliandika hapa, kwa kuwa lilimgusa mama yake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa. Yeye hakunijibu. Aliinamisha macho akabaki amesimama pale pale, kati yangu na kitanda.

Wakati huo daktari akapita. Nilimsomesha. Alikuwa mwanafunzi wangu kwa miaka minne, kijana msikivu kabisa. Hakuuliza kumetokea nini. Alinipa mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba radhi, kisha akamgeukia muuguzi na kumwambia, "Mwache Maalim akae na ndugu yake." Akaenda zake. Yule binti akaondoka kuwashughulikia wengine. Nami, kwa kuwa nimeshapewa ruhusa na mkubwa, niliona na katazo la uji nalo limefutwa. Nikamnywesha kaka yangu kikombe kizima.

Asubuhi mtaalamu wa usingizi alimwuliza mgonjwa kama amekula. Kaka yangu hakujua kusema uongo. Tumbo likiwa na chakula, mtu akilazwa kwa dawa anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni, na hayo yanaweza kumuua. Upasuaji ukaahirishwa, na kaka yangu akabaki na maumivu yake siku tatu zaidi hadi zamu yake ilipofika tena. Ukatafutwa mwenye kosa. Akapatikana yule muuguzi. Nilikuwepo pale ukumbini akigombezwa: kwa nini amemwachia mgonjwa ale. Daktari alikuwepo, hakusema kitu. Mimi nilikuwepo, chupa tupu ya uji mkononi, sikusema kitu. Na yeye, ambaye kwa neno moja angetutaja sote wawili, naye hakusema kitu. Kiapo chake kilimfundisha utiifu kwa daktari, na malezi yake yalimfundisha heshima kwa mwalimu.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi usiku, na asubuhi, ulipohitajika, ulimi huo huo ukanigandia.

Sasa turudi kwenye uhakiki. Mwaka 1967 daktari mmoja wa maradhi ya akili huko Marekani, Leonard Stein, alichapisha makala fupi ambayo imesomwa sana na watu wa hospitali. Aliyaita mahusiano ya daktari na muuguzi mchezo. Kanuni za mchezo huo, alieleza, ni hizi: muuguzi aseme anachoona kinafaa lakini asionekane kuwa anashauri, daktari aombe shauri lakini asionekane kuwa anaomba, na juu ya yote, wasipingane waziwazi. Alitoa mfano wa simu ya usiku kuhusu mgonjwa asiyepata usingizi, ambapo daktari anauliza dawa gani ilimfaa mgonjwa huyo kabla, muuguzi anaitaja pamoja na kiasi chake, na daktari anaiamuru kana kwamba imetoka kichwani mwake. Kila mmoja analala akiwa na heshima yake. Mwaka 1990 Stein na wenzake waliandika tena, wakasema kwamba wauguzi wa kwao walikuwa wameanza kuukataa mchezo huo.

Makala hiyo ni ya kweli na nimeipenda. Hata hivyo imeacha jambo kubwa. Stein anautazama mchezo kama unachezwa na watu wawili. Hospitali za kwetu, mwenye wodi ya vitanda ishirini, mchezo huo una watazamaji ishirini, na kila mgonjwa ana jamaa watatu waliokaa mkekani. Watazamaji hawa wanajifunza. Wakiona daktari anampita muuguzi bila ya kumwuliza, wanajua kwamba neno la muuguzi halina uzito. Wakiona daktari analipindua neno lake mbele ya watu, wanajua kwamba ukipiga kelele utapata. Mimi nilijifunza somo hilo kwa dakika moja, na nikalitumia kwa kikombe cha uji. Kwa hiyo ninapoulizwa kwa nini wagonjwa na jamaa zao huwatukana wauguzi na wala hawamtukani daktari, jibu langu si kwamba watu wetu hawana adabu. Wana adabu, na wanaigawa kama walivyoonyeshwa.

Na hasara haiishii katika moyo wa muuguzi. Mwaka 1966, huko huko Marekani, daktari Charles Hofling na wenzake walichapisha jaribio lao. Mtu asiyejulikana alipiga simu wodini akijitaja kuwa daktari, akaamuru mgonjwa apewe dawa kwa kiasi kilichokuwa mara mbili ya kile cha juu kilichoandikwa kwenye chupa. Kati ya wauguzi 22, 21 walikuwa tayari kuitoa kabla ya kuzuiwa. Dawa yenyewe haikuwa na madhara, lakini wao hawakujua hivyo. Utiifu usioruhusiwa kuuliza ni hatari kwa mgonjwa. Baraza la Kimataifa la Wauguzi nalo lililiona hilo: kanuni zake za 1953 ziliwataka wauguzi wazitekeleze amri za madaktari kwa utiifu, na zilipoandikwa upya mwaka 1973 sharti hilo liliondolewa, muuguzi akatakiwa awajibike kwanza kwa wale wanaohitaji uuguzi wake. Kanuni zimebadilika. Mazoea ya wodini hubadilika polepole zaidi.

Hapa msomaji anaweza kunikatiza: "Maalim, mbona husemi habari ya wauguzi wenye kauli mbovu?" Nasema. Wapo. Nani kati yetu hajasikia habari ya mama aliyegombezwa katikati ya uchungu wa kuzaa? Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2014 kupinga udhalilishaji wa wanawake wanaojifungua hospitalini, na lisingelitoa kama jambo lenyewe halipo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 tulitangaziwa elimu na matibabu bure, na mtu wa shamba aliyeingia hospitali kwa mara ya kwanza alitarajia kupokewa kama mwananchi. Akipokewa kwa ukali, uchungu wake ni wa haki. Lakini haki ya kulalamika ni kitu kimoja na ruhusa ya kutukana ni kitu kingine. Tena muuguzi asiyelindwa hujilinda mwenyewe, na silaha iliyo karibu naye kuliko zote ni ulimi. Anayetaka kauli njema wodini na aanze kwa kuuliza nani anasimama nyuma ya mwenye kuitoa.

Mwaka 2002 mashirika manne, lile la Kazi Duniani, lile la Afya Duniani, Baraza la Kimataifa la Wauguzi na umoja wa vyama vya wafanyakazi wa huduma za umma, yalitoa kwa pamoja mwongozo wa kupambana na ukatili katika sehemu za kazi za afya. Ubora wa mwongozo huo ni kwamba ulikataa kuuona ukatili kuwa ni ngumi tu. Matusi, vitisho na kudhalilishwa navyo vimehesabiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wafanyakazi wa afya hupata kupigwa au kushambuliwa mwilini wakati fulani wa maisha yao ya kazi. Wanaotukanwa ni wengi zaidi. Na ripoti yake ya 2020 juu ya uuguzi duniani ilionyesha kwamba takriban tisa katika kila wauguzi kumi ni wanawake. Kasoro ya miongozo ya namna hii ni kwamba inapofika kwetu hugeuka kuwa karatasi ukutani: usimtukane mhudumu. Karatasi haisimami kati ya mtu na mtu. Mgonjwa mwenye hasira hasomi ukuta.

Basi nini kifanyike? Mimi si tabibu. Haya niyasemayo nimeyapata kwa wauguzi wazee niliokaa nao vibarazani, na kwa mjukuu wangu, nikayapima kwa uzoefu wangu wa kupokea wazazi wenye hasira katika ofisi ya mwalimu mkuu.

La kwanza, muuguzi atazame kama anayetukana ni mtu au ni maradhi. Sukari iliyoshuka, homa kali, malaria iliyopanda kichwani, pigo la kichwa, mkojo uliozuia, maumivu yasiyotulizwa: haya yote yanaweza kumfanya mstaarabu aseme asiyoyajua. Huyo anahitaji tiba, si mawaidha. La pili, kama ni mtu mwenye akili zake, ateremshe sauti pale mwenzake anapoipandisha, amwite kwa jina lake la heshima, asimame karibu na mlango, wala asibaki peke yake naye. La tatu, amwulize ni kitu gani kinachomtia hofu. Laiti ningeulizwa hivyo usiku ule, ningesema kwamba naogopa kaka yangu asife, na uji ungebaki katika chupa yake. Simlaumu kwa kutoniuliza, sikumpa nafasi. La nne, kama matusi yanaendelea, aweke mpaka kwa maneno machache: nitakuhudumia, lakini matusi sitayapokea. Kisha amwite mwenzake. La tano, aandike katika kitabu cha zamu: saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Lisiloandikwa huja likasimuliwa na mwenye sauti kubwa.

Baada ya hapo amwendee daktari, na asimwendee kwa manung'uniko. Aseme mambo matatu: limetokea hili, nimefanya hili, nakuomba ufanye hili. Ombi lenyewe ni dogo: njoo tusimame pamoja mbele ya mgonjwa.

Na daktari je? Hapa nitamwachia fundi anisemee. Miaka ile ya utoto wangu, pwani ya Nungwi, kaka yangu alikuwa mwanafunzi wa fundi mmoja mkali. Siku moja mwenye chombo alikuja, akamkuta kaka yangu anatia kalafati, akamtukana kwamba anaharibu mbao zake. Fundi aliweka tezo chini. Akaja akasimama baina yao, akasema: "Ukiwa na neno, niambie mimi. Huyu nimemtuma mimi." Mwenye chombo akanywea. Alipokwisha kuondoka, fundi aliinama na kumwonyesha kaka yangu kwamba kweli pamba aliijaza vibaya, akamfanya aitoe yote na kuanza upya. Sisi watoto tuliokuwa tukitazama tulielewa mambo mawili kwa mara moja: kwamba yule mwanafunzi alikuwa na mkubwa, na kwamba kazi ilikuwa na kanuni.

Sijaona mwongozo wa Geneva ulioeleza vizuri kuliko hivyo. Daktari anapoitwa, aje. Akija, amwulize muuguzi kwanza, kabla ya kumwuliza aliyepiga kelele. Asilipindue neno la muuguzi mbele ya watu; kama neno lina makosa, wakae pembeni walirekebishe, na muuguzi mwenyewe ndiye arudi kulisema. Mbele ya mgonjwa atamke kwamba alilosema muuguzi ndilo lake pia. Na zamu ikimalizika, amwulize hali yake. Hilo la mwisho halina gharama, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Mimi nilipokuwa mwalimu mkuu nililijua hili. Mzazi akija kumvunjia heshima mwalimu wangu, nilimkalisha, nikamsikiliza, na sikuwahi kumwumbua mwalimu mbele yake hata nilipojua kwamba amekosa. Walimu wangu walinipenda kwa hilo. Ndiyo maana aibu yangu ni kubwa: nilitaka kwa daktari upendeleo ambao mimi mwenyewe nisingempa mzazi yeyote.

Siku ile ya mishumaa, sherehe ilipokwisha, nilimfuata yule muuguzi. Alinitambua kabla sijasema. Aliniamkia, "Shikamoo, Maalim," akainama kidogo kama zamani. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, miaka kumi na sita imepita, na kwamba nilimtukana yeye nikamtukania na mzazi wake, kisha nikamwacha alipe kosa langu. Alinyamaza. Halafu akasema, "Maalim, wewe nilikusamehe usiku ule ule. Nilijua una hofu ya ndugu yako. Kila siku tunatukanwa na watu wenye hofu. Lakini yule daktari tumefanya kazi pamoja miaka yote hii, na mpaka leo hajaniambia neno."

Sikuwa na jibu. Nilirudi Nungwi na maneno hayo, na njia nzima nilikuwa nikimlaumu daktari. Tulipofika Mkwajuni ndipo nilipojiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo. Yule kijana alijifunza wapi kunyamaza mbele ya mkubwa? Nani alimfundisha kwamba mwalimu habishiwi, kwamba mwalimu akikasirika mwenye kosa ni yule mdogo aliyesimama mbele yake? Alijifunza katika skuli yangu. Nilimtia alama za juu za tabia njema kwa sababu hiyo hiyo. Usiku ule wodini alikuwa akinitii mimi.

Kwa hiyo sitamaliza uhakiki huu kwa kuwataka madaktari peke yao waongeze mstari katika kiapo chao, ingawa naona wangeuongeza, na wangemtaja muuguzi kwa jina. Sisi walimu nasi tuna kiapo ambacho hatukuandikiwa. Tumewafundisha watoto heshima kwa aliye juu, na tumefanya vyema. Heshima kwa aliye na haki, akiwa chini, tumeiacha wajifunzie njiani.

Kitabu hiki nimekichapisha kwa fedha zangu za kiinua mgongo, nakala chache tu. Ya kwanza nitampelekea yule muuguzi. Ya pili nitampelekea daktari, na nitaipeleka kwa mkono wangu, ili akisoma nami niwepo, na akitaka kunibisha anibishe.